Onyo Hili Linamlinda Nani?

Wasikilizaji, leo naanza kwa kuisengenya kazi yetu wenyewe.

Mnaifahamu ile sauti inayokuja mwisho wa tangazo la redio, muziki ukishakwisha na yule mama wa kwenye tangazo akishacheka kwamba kichwa kimemwacha? Mtu anasoma mbio kama anayefukuzwa na mbwa: dalili zikiendelea mwone daktari. Kama ni tangazo la kamari: vigezo na masharti kuzingatiwa. Sekunde mbili, imepita. Niwaambie siri ya studio, ingawa si siri kubwa: msomaji wetu hasomi kwa kasi hiyo. Anasoma kama watu, kisha fundi wa mitambo anaikaza sauti mpaka iingie kwenye nafasi iliyobaki. Mteja amelipia sekunde 30, na hakuna mteja atakayetoa 10 kati ya hizo ili akuogopeshe. Onyo limesomwa, sheria imetimizwa. Kama hukusikia, shauri yako.

Basi ndilo nililotaka tulizungumze. Onyo linapoandikwa kwenye pakiti ya sigara au kwenye kisanduku cha dawa, linamlinda nani? Jibu la haraka ni kwamba linamlinda mnunuzi. Ukiangalia lilivyopatikana, lilivyowekwa na nani aliyeyakubali maneno yake, utaona mara nyingi aliyelindwa ni muuzaji. Ushahidi uko wazi tangu miaka ya 1960 kule Marekani, nchi ya kwanza kulazimisha onyo kwenye kila pakiti ya sigara.

Jumamosi tarehe 11 Januari 1964, Luther Terry, Daktari Mkuu wa Serikali ya Marekani, aliwaita waandishi wa habari mjini Washington. Siku ilichaguliwa kwa hesabu: Jumamosi soko la hisa limefungwa, na magazeti ya Jumapili yana nafasi ya kutosha. Ripoti aliyoishika ilisema bila kumung'unya kwamba uvutaji wa sigara husababisha saratani ya mapafu kwa wanaume. Wakati huo watu wazima zaidi ya 4 kati ya 10 nchini humo walikuwa wavutaji, wakiwemo baadhi ya wataalamu walioiandika ripoti yenyewe.

Tume ya Biashara ya nchi hiyo, FTC, haikulaza damu. Mwaka huohuo ilitunga kanuni kwamba kila pakiti na kila tangazo liseme sigara ni hatari kwa afya, na kwamba inaweza kuua kwa saratani na maradhi mengine. Hapo kampuni za tumbaku zikakimbilia bungeni. Ungedhani zilikwenda kuomba kusiwe na onyo lolote. Wapi! Mtu wao wa siasa alikuwa Earle Clements, aliyewahi kuwa seneta wa Kentucky, jimbo la wakulima wa tumbaku, naye alielewa kwamba onyo haliepukiki na kwamba likiandikwa vizuri lina faida yake. Sheria iliyopitishwa 1965 ikaweka maneno madogo ubavuni mwa pakiti: tahadhari, uvutaji wa sigara huenda ukawa na madhara kwa afya yako. Kifo kimeondolewa. Saratani imeondolewa. Kwenye matangazo, hakuna onyo kabisa. Tena sheria ikazifunga mikono serikali za majimbo, na kwa miaka kadhaa ikaifunga mikono tume yenyewe, asitokee mtu akadai maneno makali kuliko hayo.

Faida ya onyo lile ikaja kuonekana mahakamani. Rose Cipollone, mwanamke wa New Jersey, alianza kuvuta 1942 akiwa na umri wa miaka 16. Miongoni mwa aina alizovuta ilikuwemo L&M, ambayo katika miaka ya 1950 ilitangazwa kwa kaulimbiu ya kwamba hiyo ndiyo hasa aliyoagiza daktari. Hebu fikiri: sigara ikijinadi kwa jina la daktari. Saratani ya mapafu ikampata, akafungua kesi 1983, akafariki 1984, mumewe akaendelea nayo. Mwaka 1988 jopo la wananchi mahakamani likaamua kampuni ya Liggett ilipe dola 400,000. Ilikuwa mara ya kwanza kwa kampuni ya sigara Marekani kuamriwa kulipa fidia kwa kesi ya namna hiyo.

Lakini sikiliza kwa makini. Fidia ile ilihusu makosa ya kabla ya 1966, yaani kabla pakiti hazijaanza kuandikwa onyo. Kwa miaka iliyofuata kampuni zilikuwa na jibu fupi: tulikuonya, tena kwa maneno ya serikali yako. Mwaka 1992 kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani. Majaji wakasema kwamba tangu sheria ya onyo iliporekebishwa mwishoni mwa miaka ya 1960, mtu hawezi kudai matangazo yalipaswa kumwonya zaidi, kwa sababu bunge limeshaamua onyo la kutosha ni lipi. Mlango wa madai ya udanganyifu uliachwa wazi, ila kesi ilikuwa imekula karibu miaka 10 na pesa chungu nzima. Familia ikaiacha. Kwa hiyo yale maneno madogo ubavuni mwa pakiti, ambayo sisi tunayaona kama kero kwa mwenye kampuni, yalimfanyia kazi ambayo wakili wa bei kali asingeiweza peke yake.

Nami kama mtu wa redio siwezi kuipita hadithi ya matangazo. Mwaka 1967 mamlaka ya utangazaji ya Marekani iliamua kwamba kituo kinachopiga tangazo la sigara lazima kitoe muda wa maana kwa upande wa pili. Bure. Matangazo ya kupinga sigara yakaanza kusikika katikati ya yale ya kuisifia, na uvutaji ukaanza kushuka mwaka baada ya mwaka. Bunge likaamua kuzifukuza sigara redioni na kwenye televisheni kuanzia tarehe 2 Januari 1971. Kwa nini isiwe tarehe 1? Kwa sababu tarehe 1 kulikuwa na mechi za mwaka mpya, na vituo havikutaka kuikosa ile hela ya mwisho. Watu walishangilia marufuku ile, lakini matangazo ya sigara yalipokwisha, wajibu wa kutoa muda wa bure nao ukaisha, na sauti ya upande wa pili ikanyamaza karibu yote. Kampuni zenyewe hazikuipigania sana nafasi yao hewani. Sasa mnajua sababu.

Tuje kwenye dawa, kwa maana huku ndiko tofauti inakoonekana.

Mwaka 1937 kampuni moja ya Tennessee iliuza dawa ya maji ya sulfanilamide, nzuri kwa koo la watoto. Ili kuiyeyusha, waliitia dayethilini glaikoli, kimiminika kitamu mdomoni ambacho huua figo. Watu zaidi ya 100 walikufa, wakiwemo watoto wengi. Sheria ya wakati huo haikumlazimisha mtu kuipima dawa kabla ya kuiuza. Wakaguzi wa serikali walipata upenyo mmoja tu wa kuikamata: dawa iliitwa iliksiri, na kitu kinachoitwa hivyo kilipaswa kuwa na alkoholi. Yaani walikamata sumu kwa kosa la jina. Mwaka uliofuata, 1938, sheria ikageuzwa: kwanza onyesha kwamba ni salama, ndipo uuze.

Sumu hiyohiyo ndiyo iliyotajwa Gambia 2022, watoto wasiopungua 66 walipofariki baada ya kunywa dawa za kikohozi kutoka India. Na Aprili 2024 mamlaka ya dawa ya Nigeria ilitangaza kuikuta katika toleo moja la dawa ya kikohozi ya watoto, Benylin Paediatric, iliyotengenezwa Afrika Kusini. Mnakumbuka? Kwa siku chache tu Kenya, Tanzania, Rwanda, Zimbabwe na Afrika Kusini zikaamuru toleo hilo liondolewe madukani. Mwenye dawa baadaye alisema vipimo vyake havikuikuta sumu hiyo. Sawa. Lakini hakuna serikali hata moja iliyosema: iacheni dukani, tubandike karatasi ya onyo ubavuni mwa chupa, mzazi ajiamulie. Shaka peke yake ilitosha kuitoa rafuni.

Sigara haina shaka. Shirika la Afya Duniani linahesabu vifo zaidi ya milioni 7 kila mwaka kutokana na tumbaku. Inauzwa, na ina onyo.

Kwa nini? Swali hili lilijibiwa waziwazi mwaka 2000, tena na Mahakama ya Juu ileile. Miaka minne kabla, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, chini ya David Kessler, ilikuwa imetangaza kwamba nikotini ni dawa na sigara ni chombo cha kuipeleka mwilini, kwa hiyo itaisimamia. Kampuni zikashtaki, na kesi ikabeba jina la mojawapo, Brown & Williamson, iliyokuwa mali ya British American Tobacco, BAT. Hoja iliyoshinda, kwa kura 5 dhidi ya 4, ilikwenda hivi: sheria ya dawa hairuhusu kuuza kitu kisicho salama, sigara si salama, kama ni dawa, basi FDA ingelazimika kuipiga marufuku, na bunge halijawahi kutaka ipigwe marufuku, basi si dawa. Irudie polepole. Bidhaa iliponyoka sheria ya dawa kwa sababu ubaya wake umezidi. Ilibidi bunge lije kutunga sheria maalumu 2009 ndipo FDA ikapewa mamlaka juu yake.

Sasa njooni nyumbani. Mwaka 2019, BAT hiyohiyo, kwa tawi lake la Kenya, ilileta sokoni vifuko vidogo vyeupe vya nikotini kwa jina la Lyft. Unabana kimoja kati ya mdomo na ufizi, hakuna moshi wala harufu, na mwalimu darasani hajui kitu. Je, vilisajiliwa wapi? Kwa Bodi ya Famasia na Sumu. Bodi ya dawa! Kilichokataliwa kuitwa dawa Washington kikabisha hodi Nairobi kwenye mlango wa dawa, na kikafunguliwa. Huhitaji kuwa mwanasheria kuona utamu wake: kwenye mlango wa pili ilikuwa inangoja Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007, yenye maonyo yake makubwa na marufuku yake ya matangazo. Mwaka 2020 Waziri wa Afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, alisema usajili ule haukuwa halali, na kwamba bidhaa hiyo inapaswa kwenda kwenye sheria ya tumbaku. Ikaondoka sokoni. Ikarudi 2022 kwa jina jingine, Velo.

Sisemi hapa kwamba kifuko kina madhara sawa na sigara. Moshi ndio wenye sumu nyingi, na mvutaji wa miaka 20 anayeacha moshi kabisa amepata nafuu. Lakini yule kijana wa kidato cha pili ambaye hakuwahi kuvuta, yeye hajaacha kitu, ameanza.

Sheria yetu yenyewe si mbaya. Pakiti iwe na onyo lisilopungua asilimia 30 mbele na asilimia 50 nyuma, kwa Kiingereza na Kiswahili. Kanuni za 2014 zikaongeza picha, na mchango wa asilimia 2 ambao kampuni zinatakiwa kutoa kwa ajili ya kukabiliana na madhara ya tumbaku. BAT ikaenda mahakamani 2015. Ikashindwa Mahakama Kuu 2016, ikashindwa Mahakama ya Rufaa 2017, ikashindwa Mahakama ya Juu Novemba 2019. Napenda kuitaja ratiba hiyo kwa sababu Marekani, iliyotutangulia kwa miaka 40 kuweka onyo, iliagiza picha kwa sheria ya 2009, mahakama ikazitupa 2012, zikatungwa upya, na hadi 2025 bado zilikuwa zinapiganiwa. Kwa hili majaji wetu wamewazidi.

Tatizo letu liko kwingine. Simama jioni kwenye kibanda chochote cha miraa hapa Mombasa, dakika tano tu. Vichungi vya sigara vimechomoza kwenye pakiti iliyochanwa juu, imesimamishwa ndani ya mkebe wa plastiki pamoja na pipi na njugu za kufungwa. Kiberiti cha gesi kinaning'inia kwa kamba ili mtu asiondoke nacho. Anakuja kijana wa bodaboda, injini bado inaunguruma.

"Ami, nipe moja."

"Ya baridi ama kali?"

"Kali."

Sarafu zimebadilisha mkono, moto umewaka, pikipiki imeondoka. Pakiti haikuguswa na mnunuzi. Ile picha ya mapafu meusi iliyotetewa katika mahakama tatu, kwa miaka minne, imetazama upande wa muuza miraa, ambaye mwenyewe pengine havuti. Sheria ya 2007 inakataza kuuza sigara moja moja; pakiti isipungue sigara 10. Nani anayeifuata? Askari wa kaunti naye nimemwona akinunua moja.

Kando ya mkebe huohuo pana vidonge vya kichwa. Navyo huuzwa viwili viwili. Mwenye kibanda ana mkasi, anakata karatasi ya vidonge pale ulipofika mfuko wako. Tarehe ya kuisha muda hupigwa mhuri ukingoni mwa karatasi, upande mmoja, na upande huo mara nyingi ndio unaobaki kibandani. Kile kikaratasi kilichokunjwa ndani ya kisanduku, kinachosema mtu mzima asizidishe gramu 4 za parasetamoli kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, la sivyo ini litaumia, kilitupwa siku kisanduku kilipofunguliwa. Mtu anakunywa viwili vya kichwa, jioni anaongeza dawa ya mafua ambayo nayo ina parasetamoli ndani, na hakuna aliyemwambia ajumlishe. Duka la dawa lenye mfamasia angalau lina kinywa cha kusema. Basi ukiingia humo, uliza, usione haya: imetoka kisanduku gani, inaisha lini, niinywe na nini, nisiinywe na nini. Unayemuuliza amesomea kujibu maswali hayo na analipwa kwa kazi hiyo.

Kwa hiyo nchi inayouza rejareja kiasi hiki inahitaji onyo linalokatika pamoja na bidhaa. Kanada imeshalifanya. Ndio waliotangulia duniani kuweka picha kwenye pakiti, mwaka 2001, na kuanzia 2023 kanuni zao zinataka maneno yachapwe kwenye sigara yenyewe, moja moja, pale karibu na kichungi, kwa Kiingereza na Kifaransa. Kwamba kuna sumu katika kila pafu la moshi, kwa mfano. Wakanada hununua pakiti nzima, kwao ni nyongeza tu. Kwetu ndilo lingekuwa onyo la kwanza ambalo yule wa bodaboda analishika mkononi. Karatasi ya sigara huchapwa kiwandani na tayari ina jina la aina yake, kwa hiyo asije mtu akatuambia wino haupo. Na karatasi ya vidonge vivyo hivyo: tarehe na kipimo vichapwe nyuma ya kila kidonge, ili mkasi ukipita popote viende na mnunuzi. Wako watengenezaji wanaofanya hivyo tayari.

Najua wapo watakaosema onyo halimwachishi mtu sigara, na mjomba wangu mmoja alikuwa akiigeuza pakiti chini juu ili picha isimtazame akila. Ni kweli, picha peke yake haimtoi mtu kwenye nikotini; kodi, msaada wa kuacha, na sehemu zisizo na moshi vina kazi kubwa zaidi. Lakini kampuni inayokwenda hadi Mahakama ya Juu kuipinga kanuni yenye picha hizo haitumii fedha za mawakili kwa mchezo. Mimi kipimo changu ni hicho: nikiona muuzaji analipokea onyo kwa mikono miwili, nalisoma upya.

Mwaka 2024 mswada wa kuirekebisha Sheria ya Tumbaku uliletwa Seneti, ili vifuko vya nikotini na sigara za kielektroniki navyo viwe chini yake. Mjadala wake umejaa mambo ya ajira, kodi na ladha za matunda, na yote yana uzito wake. Ukipata nakala, nenda moja kwa moja kwenye vifungu vya onyo. Tazama litachukua sehemu gani ya kopo, litasomeka mbele au chini ya kitako, na kama maneno yake yameandikwa na Wizara ya Afya au na yule anayeuza. Halafu tupigie simu hapa studio utuambie ulichokikuta.